Saa Ishirini na Nne za Jack Bauer

Yuko mtu mmoja ambaye hajapata kukanyaga ardhi ya visiwa hivi, lakini kwa muda wa miaka mingi jina lake limekuwa likitajwa katika mabaraza ya vijana, kutoka Michenzani mpaka Chake Chake, kwa mapenzi ambayo masheha wetu wangeyaonea wivu. Mtu huyo anaitwa Jack Bauer. Si mtu wa kweli. Ni mpelelezi wa kubuni katika mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao "24", na aliyemwigiza ni Kiefer Sutherland. Mchezo wenyewe ulikwisha zamani, lakini nakala zake zingali zikipita mkono kwa mkono, na kila kundi jipya la vijana wanaoanza kukesha mbele ya kioo hukutana na Bauer kana kwamba amezaliwa jana.

Leo tumeamua kuutumia ukurasa huu kumzungumzia mtu huyo. Tunajua wako watakaouliza iwapo gazeti halina jambo zito zaidi la kuandika, kama vile bei ya karafuu au usafiri baina ya Unguja na Pemba. Jawabu letu ni kwamba mchezo huu umefundisha, na bado unafundisha, jambo fulani kuhusu dola na mwananchi anayeshikwa na dola. Na miongoni mwa wanafunzi wake wamo vijana ambao leo wamevaa sare na kukabidhiwa funguo za mahabusu. Somo la namna hiyo halifai kuachwa lipite kwa jina la burudani.

Kwanza tuueleze mchezo kwa wale ambao hawakuuona. Waliouasisi ni Joel Surnow na Robert Cochran, na ulianza kuoneshwa na kituo cha Fox nchini Marekani tarehe 6 Novemba, 2001. Sharti lake ni moja: kila msimu una vipindi 24, kila kipindi ni saa moja, na saa hizo zinafuatana bila ya kuruka, hata msimu mzima ukawa ni hadithi ya siku moja tu. Kila yanapokaribia matangazo ya biashara, na kila yanapokwisha, hutokea saa ya tarakimu za njano ikihesabu sekunde kwa mlio unaofanana na mapigo ya moyo wa mtu mwenye khofu. Kioo hugawika mara mbili, mara tatu, mara nne: huku mwovu anaendesha gari, huku Rais anangojea simu, huku bibi mmoja mkali wa ulimi aitwaye Chloe anabonyeza kompyuta, na huku Bauer anakimbia. Ofisi yao ni CTU, kikosi cha kupambana na ugaidi kilichowekwa Los Angeles. Kikosi hicho nacho ni cha kubuni.

Lazima tukiri, kabla hatujaanza kulaumu, kwamba kazi hii ilifanywa na mafundi. Siku moja ya hadithi ilipigwa picha kwa miezi mingi, na katika miezi yote hiyo wachezaji walilazimika kuchunga nywele zao zisirefuke na nguo zao zisibadilike, kwani mtazamaji anaamini kwamba tangu asubuhi mpaka jioni ni siku ile ile. Katika siku hiyo mtu hali, hanywi, haendi haja, wala hasali. Bauer huvuka mji wa Los Angeles kwa dakika kumi, ilhali sisi hapa mtu akitoka Darajani kwenda Mwanakwerekwe jioni anahitaji muda zaidi ya huo na subira kubwa zaidi. Hayo yote mtazamaji husamehe. Saa inakimbia, naye hana nafasi ya kuuliza.

Na hapo ndipo penye siri ya mchezo wote. Saa ile haikuwekwa kwa ajili ya Bauer. Imewekwa kwa ajili yetu sisi tunaotazama, ili tusiulize.

Msimu wa kwanza ulihusu njama ya kumuua Seneta David Palmer, mtu mweusi anayegombea urais, siku ya uchaguzi wa awali wa California. Tuseme kwa haki kwamba mchezo huo ulimweka mtu mweusi katika Ikulu ya Marekani miaka kadhaa kabla ya wapiga kura wa nchi hiyo kufanya hivyo mwezi wa Novemba 2008, na Dennis Haysbert alimwigiza Rais Palmer kwa heshima na utulivu uliowapendeza wengi. Bauer alimwokoa Palmer, lakini mwisho wa siku akamkuta mkewe, Teri, ameuawa na Nina Myers, mfanyakazi mwenziwe aliyekuwa akimwamini. Ni nadra televisheni ya Marekani kumwacha shujaa wake katika hali ile. Misimu iliyofuata ilileta bomu la nyuklia, maradhi ya kuambukiza, mitambo ya nyuklia iliyotekwa, gesi ya sumu, na katika msimu wa tano Rais mwenyewe, Charles Logan, akafichuliwa kuwa mshirika wa njama. Msimu huo wa tano ndio ulioupatia mchezo na Sutherland tuzo kubwa za televisheni za Emmy mwaka 2006. Misimu ilikuwa 8 na vipindi 192 mpaka tarehe 24 Mei, 2010, kisha Bauer akarudi kwa vipindi 12 mwaka 2014, safari hiyo mjini London.

Kipindi cha kwanza kilipigwa picha kabla ya tarehe 11 Septemba, 2001. Ndani yake mlikuwa na tukio la ndege ya abiria kulipuliwa angani, na watengenezaji wakalazimika kulipunguza baada ya mashambulio ya New York na Washington. Kwa hivyo mchezo huu haukutungwa ili kuyajibu mashambulio yale. Lakini ulifika vyumbani mwa watu wiki chache baada yake, wakati ambapo taifa zima lilikuwa likitafuta mtu wa kuliambia kwamba yuko anayelilinda usiku. Bauer akawa mtu huyo.

Sasa tuje katika jambo lililotufanya tushike kalamu.

Jumuiya moja ya Kimarekani inayofuatilia vipindi vya televisheni kwa niaba ya wazazi ilihesabu matukio 67 ya mateso katika misimu mitano ya mwanzo ya "24". Mateso katika filamu si jambo jipya. Tangu zamani mwovu alikuwa akimtesa mwema, nasi tukimchukia mwovu kwa sababu hiyo. Hapa mambo yamegeuzwa: anayetesa ni mwema, tena hutesa kwa huzuni na kwa kulipenda taifa lake, na karibu kila mara anapata anachokitaka, upesi, kabla saa haijagonga. Anavunja vidole. Anatumia waya wa taa. Katika msimu wa pili anamwonesha mtu, kwa njia ya picha, mwanawe mmoja akipigwa risasi, mpaka mtu yule anasema bomu liko wapi. Baadaye tunaambiwa kwamba risasi zile zilikuwa za kuigiza. Katika msimu wa nne anakuja wakili wa jumuiya ya kutetea haki za binadamu ili kuzuia mahojiano ya mtu mmoja, na mtazamaji anafanywa amchukie wakili yule kuliko anavyomchukia gaidi.

Hoja inayojengwa ni ile ya bomu na saa. Bomu limetegwa, muda umebaki saa moja, aliyelitega yuko mikononi mwako: je, utamwacha anyamaze, watu wafe? Hoja hiyo haikuzaliwa Los Angeles. Wanaofuatilia historia yake huielekeza kwenye riwaya ya Mfaransa Jean Lartéguy, "Les Centurions", iliyotoka mwaka 1960 na kuwasifu askari wa miavuli wa Kifaransa waliopigana kuitetea himaya yao Algeria. Mateso yale yalitumika sana mjini Algiers mwaka 1957. Wafaransa wakashinda katika mitaa ya mji ule, na mwaka 1962 wakafungasha mizigo na kuondoka Algeria yote. Jirani zetu wa Kenya nao wanalijua somo hilo kwa miili yao: mwezi wa Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilikiri mbele ya Bunge lake kwamba Wakenya waliteswa katika kambi za kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau, ikakubali kuwalipa fidia zaidi ya wazee 5,000. Kila mtesaji alikuwa na saa yake mfukoni.

Siku chache zilizopita tulikaa barazani, hapa mjini, pamoja na vijana waliokuwa wakibishana juu ya jambo hilo hilo. Alikuwapo mzee mmoja, mpelelezi mstaafu, ambaye alikuwa akisikiliza tu huku akichezea mkongojo wake. Kijana mmoja akamgeukia.

"Ami, tuseme kweli. Bomu limo ndani ya boti ya saa moja. Abiria wameshapanda. Huyu hapa ndiye aliyelitega. Hutomgusa?"

"Umejuaje kwamba ndiye?" akauliza mzee.

"Si tumeshamjua, Ami!"

"Nani aliyekwambieni?"

"Mwenziwe."

"Na huyo mwenziwe, mwanangu, mlimfanyaje hata akakwambieni?"

Vijana wakacheka, kisha kicheko kikafifia. Mzee akaendelea kwa sauti ya chini. Alisema kwamba mtu akiumizwa hutaja jina, na kwamba jina la kwanza linalomjia ulimini ni la mtu anayemdai, au la jirani aliyegombana naye, au jina lolote alilolisikia asubuhi ile. Zamani, mahali alipokuwa akifanya kazi, waliletewa jina lililotolewa kwa njia hiyo. Wakapanda gari, wakaenda kumtafuta mwenye jina. Wenyeji wakawapeleka mpaka makaburini na kuwaonesha alipolala, kwani alikuwa amekufa miaka minne nyuma. "Na siku nzima ile," akasema mzee, "aliyeiba alikuwa sokoni akiuza alichokiiba."

Hatukukusudia kulifanya neno la mzee mmoja kuwa ushahidi wa kutosha. Lakini wako wenye vyeo vikubwa kuliko vyake waliosema hivyo hivyo. Mwezi wa Novemba 2006, Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa masomo katika chuo cha kijeshi cha West Point, alisafiri mpaka California akifuatana na wahojaji wazoefu wa jeshi na wa idara ya upelelezi ya FBI, ili aonane na watengenezaji wa "24". Hakwenda kuomba picha za ukumbusho. Alikwenda kuwaomba wapunguze mateso, kwa sababu aliona kuwa mchezo wao unawaharibia maafisa vijana anaowafundisha sheria za vita: mwalimu anasema mateso ni haramu na hayafai kitu, mwanafunzi anajibu kwamba jana usiku ameona yakifaa. Wahojaji wale walieleza kuwa katika maisha yao ya kazi hawakupata kuiona ile hali ya bomu na saa kama inavyooneshwa, na kwamba mtu mwenye itikadi kali akijua zimebaki saa chache ana sababu zaidi ya kuvumilia, au ya kusema uongo, mpaka muda upite.

Mwezi wa Juni mwaka uliofuata, katika mkutano wa wanasheria mjini Ottawa, Jaji Antonin Scalia wa Mahakama Kuu kabisa ya Marekani alimtetea Bauer hadharani, akataja jinsi alivyoiokoa Los Angeles, na kuuliza kama yuko atakayemtia hatiani. Tunamheshimu jaji kwa elimu yake. Lakini Los Angeles haikuokolewa na Jack Bauer, kwa sababu Jack Bauer hayupo. Jaji wa cheo kile alipochukua tukio lisilotokea na kulifanya mfano katika mjadala wa sheria, hapo ndipo tulipotambua kwamba mchezo umeshatoka nje ya kioo.

Yako mambo mengine ambayo sisi watu wa visiwani hatuwezi kuyasoma kama habari za mbali.

Tarehe 7 Agosti, 1998, asubuhi, mabomu mawili yalilipuka mbele ya balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam watu 11, na walio wengi kabisa walikuwa Waafrika waliokuwa wakienda zao kazini. Katika waliotuhumiwa walikuwamo wazaliwa wa Zanzibar. Mmoja wao, Khalfan Khamis Mohamed, alikamatwa Cape Town mwezi wa Oktoba 1999. Maafisa wa FBI walimsomea haki zake, wakamhoji kwa maneno, naye akaeleza. Maelezo yake yakapokewa mahakamani New York. Mwezi wa Mei 2001 yeye na wenziwe watatu wakatiwa hatiani, na baadaye wakafungwa maisha. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kwamba kumkabidhi bila ya kupata ahadi kuwa hatonyongwa kulikuwa ni kinyume cha sheria, na juri ya New York haikumpa adhabu ya kifo. Kesi ile ilikwenda kwa miguu ya kawaida, na ikafika.

Mwengine, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistan mwezi wa Julai 2004, wakati ambapo upepo umeshageuka. Alipelekwa katika jela za siri za shirika la kijasusi la CIA, kisha Guantánamo mwaka 2006, kisha New York mwaka 2009. Mwendesha mashtaka alikuwa na shahidi mkubwa, mtu ambaye ilidaiwa kuwa ndiye aliyemuuzia baruti. Lakini jina la shahidi huyo lilikuwa limepatikana kutokana na maneno aliyoyasema Ghailani alipokuwa akishurutishwa katika jela za siri, na mwezi wa Oktoba 2010 Jaji Lewis Kaplan akamkataa shahidi. Katika makosa zaidi ya 280 aliyoshtakiwa, Ghailani alionekana na hatia katika kosa moja tu, la kula njama ya kuharibu majengo na mali. Kwa kosa hilo moja alifungwa maisha mwezi wa Januari 2011. Lakini katika mashtaka yote ya mauaji, jina kwa jina, juri ilisema hana hatia. Wale waliofiwa, Nairobi na Dar es Salaam, walikuwa wakingojea tangu 1998 kusikia neno jengine. Tunawauliza wanaomshangilia Bauer: ni nani aliyewanyima neno hilo?

Wa tatu hakuwa mtuhumiwa wa jambo lolote lililothibitika, na kwa hivyo jina lake tunaliacha. Limeshaandikwa vya kutosha katika karatasi za mahakama. Ni mvuvi. Alikamatwa Mogadishu mwezi wa Machi 2003, akapitishwa Kenya na Djibouti, na kufikishwa Afghanistan katika jela ya siri ambayo ripoti ya Seneti ya Marekani, iliyotolewa tarehe 9 Disemba, 2014, imeipa jina la COBALT. Ripoti hiyo inaieleza jela ile kuwa ni kiza kitupu, wafungwa wamefungwa minyororo katika vyumba vya upweke, muziki au kelele zikipigwa bila ya kusita, na ndoo moja ya haja. Mtu aliyemo humo hajui kama ni usiku au mchana. Alishikiliwa kwa zaidi ya miaka mitano. Mwezi wa Agosti 2008 aliachiwa akiwa na karatasi ya Wamarekani wenyewe inayosema kwamba si tishio kwao, akarudi kuishi hapa Zanzibar. Mwaka 2015 alikuwa miongoni mwa walioshtaki, katika mahakama ya Marekani, wanasaikolojia wawili waliobuni mateso yale kwa ujira wa CIA, na mwezi wa Agosti 2017, wiki chache kabla ya kesi kusikilizwa, pande mbili zikapatana. Ripoti hiyo hiyo ilihesabu watu wasiopungua 119 waliowekwa katika jela hizo, ikaona kwamba 26 kati yao hawakustahili kushikwa hata kwa vipimo vya CIA yenyewe, na ikahitimisha kwamba mateso hayakuwa njia yenye kufaa ya kupata habari.

Katika mchezo, mtu asiye na hatia akiteswa, mambo hupita upesi. Msimu wa nne una mifano: Bauer anamtesa Paul Raines, ambaye hana kosa, mfanyakazi wa CTU, Sarah Gavin, anateswa na wenziwe kwa kushukiwa uhaini, naye hana kosa. Kipindi kijacho kinaanza, saa inakimbia, Sarah anarudi mezani kwake na kuendelea na kazi. Huo ndio uongo mkubwa kuliko yote katika mchezo huu, kuliko hata kuivuka Los Angeles kwa dakika kumi. Mtu aliyeteswa harudi mezani baada ya matangazo ya biashara.

Lakini tusiwe wachoyo wa kuona mazuri. Kuna jambo katika msimu wa pili ambalo wapenzi wa Bauer hulipita haraka, nasi tunaliona kuwa ni jema kuliko yote yaliyomo katika misimu minane. Bomu la nyuklia linapokwisha kupelekwa jangwani na kulipukia huko, hadithi haimaliziki. Inatokea kanda ya sauti inayodaiwa kurekodiwa Cyprus, yenye kuonesha kwamba nchi tatu za Mashariki ya Kati zilishiriki. Majenerali wanataka kupiga usiku ule ule. Bauer anashuku kuwa kanda ni ya kughushi, na Rais Palmer anasema hapigi mpaka apate ushahidi. Mawaziri wake, kwa kuwa amesema ngoja, wanamvua madaraka. Kumbe kanda ilikuwa ya kughushi kweli, kazi ya watu wenye maslahi ya mafuta.

Vipindi hivyo vilioneshwa mwanzoni mwa 2003. Tarehe 5 Februari ya mwaka huo huo, Colin Powell, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Iraq iliwapa wafuasi wa Al-Qaeda mafunzo ya silaha za sumu. Habari ile ilitoka kwa mfungwa wa Kilibya, Ibn al-Shaykh al-Libi, aliyekuwa amepelekwa Misri na kuteswa. Mwezi wa Machi majeshi yakaingia Iraq. Mwaka 2004 al-Libi akayakana maneno yake: alisema aliyoyasema ili mateso yakome. Basi katika majira yale yale, televisheni ilikuwa ikimwonya mwananchi wa Marekani juu ya vita vya ushahidi wa uongo, na ikimfundisha kuipenda njia inayouzalisha uongo huo. Mtu mmoja, katika mchezo mmoja.

Yako pia maneno ya kusema juu ya namna Waislamu na Waafrika walivyochorwa. Msimu wa nne ulipoanza mwaka 2005, kwa familia ya Waislamu majirani wema ambao kumbe ni magaidi waliojificha, jumuiya za Waislamu wa Marekani zililalamika, na Fox wakamtoa Sutherland mwenyewe kwenye televisheni kuwakumbusha watazamaji kwamba Waislamu wa Marekani wanaulaani ugaidi. Msimu wa nane ulikuja na sura nyengine: Rais Omar Hassan, kiongozi wa nchi ya Kiislamu ya kubuni, mtu mwenye kutafuta amani kwa gharama ya roho yake, na aliyemwigiza ni Anil Kapoor, ambaye wapenzi wa filamu za Kihindi hapa kwetu hawahitaji kujulishwa. Kapoor akauchukua mchezo huo kwao na kuucheza yeye kuanzia 2013. Ama Afrika, tulipewa filamu ya mwaka 2008 iliyopigwa Afrika Kusini, inayohusu nchi ya Sangala, isiyomo katika ramani yoyote, na jenerali wake muovu aitwaye Juma. Hilo hatuna haja ya kulijadili. Wapo akina Juma wengi mjini humu wanaoweza kujitetea.

Ndugu zetu mlio katika vyombo vya dola, maneno yaliyobaki ni yenu. Hatuombi mchezo huu upigwe marufuku. Serikali inayozuia mchezo wa kuigiza hujionesha kuwa inauogopa, na kwa vyovyote vijana wataupata. Tunaloomba ni kwamba afisa anayewafundisha askari wapya asione aibu kumtaja Bauer kwa jina darasani, kama alivyofanya jenerali yule wa West Point, kwani kunyamaza hakumfuti. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano imekataza mtu kuteswa, na haikuweka mlango wa nyuma kwa mwenye haraka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya mateso, uliopitishwa tarehe 10 Disemba, 1984, na ambao Marekani yenyewe iliuridhia mwaka 1994, unasema waziwazi kwamba si vita wala hali ya hatari inayoweza kuhalalisha mateso. Askari kijana anapaswa kuvijua vifungu hivyo, lakini anapaswa pia kuijua kesi ya Ghailani, kipengele kwa kipengele, ili afahamu kwamba anayempiga mahabusu saa nane za usiku huenda anamfungulia mlango wa mahakama asubuhi.

Na mkuu wa kituo anayetaka kuanza anaweza kuanza na msimu ule wa pili, wote, asiukatize pale bomu linapolipuka. Mzee wetu wa barazani ameshauazima. Tulipomuuliza ameuonaje, alisema amefika saa ya kumi na saba, Rais ameanza kugombana na mawaziri wake, na kwamba tusimwambie mwisho wake.